Hifadhi za Utah na Arizona kwa watu wawili: mwongozo kamili wa gari na miguu

Ukienda kupanda Kilimanjaro, getini unaandikisha jina, unakabidhiwa kwa kiongozi ambaye bila yeye hupiti, na nyuma yako wanakuja wapagazi na mpishi. Usipofika kambini jioni, kuna mtu atauliza. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani askari wa hifadhi anaangalia pasi, anawapa ramani ya karatasi, basi. Hakuna anayejua mmeshuka njia ipi wala mnategemewa saa ngapi. Mkiwa wawili, kila mmoja ndiye daftari la mwenzake, na karibu kila ushauri ulio hapa chini umetokana na hilo.

Mzunguko wenyewe unaanzia na kuishia Las Vegas: Zion, Bryce Canyon, Capitol Reef, kisha Arches na Canyonlands zilizo karibu na mji wa Moab, halafu Monument Valley, na mwisho ukingo wa kusini wa Grand Canyon. Barabara ni karibu kilomita 1,800, ukiacha mizunguko ya ndani ya hifadhi. Siku 12 zinatosha kwa raha: usiku tatu Zion, mmoja Bryce, mmoja Capitol Reef, tatu Moab, mmoja Monument Valley, mbili Grand Canyon. Kwa siku 10, punguzeni usiku mmoja Zion na mmoja Moab. Mkiwa na wiki moja tu, iacheni Moab kabisa na mbaki na Zion, Bryce na Grand Canyon, la sivyo mtarudi nyumbani na picha za kioo cha gari.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Tiketi na vibali vyao vinaandikwa kwa saa za Kizungu, kwa hiyo saa 2 asubuhi yetu ni 8:00 kwenye karatasi. Kuna mtego mwingine. Nevada iko nyuma ya Utah kwa saa moja, Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, lakini eneo la Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili, lililo ndani ya Arizona hiyo hiyo linabadilisha. Simu huruka mbele na nyuma kutegemea mnara iliounasa. Mmoja wenu avae saa ya mkononi na kuirekebisha kwa mkono.

Msimu

Wakati mzuri ni Aprili hadi katikati ya Mei, na katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Juni hadi Agosti chini ya Grand Canyon joto hupita nyuzi 40, na kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba kuna mvua za radi za mchana zinazoleta mafuriko ya ghafla kwenye makorongo. Majira ya baridi ni mazuri na matulivu, lakini njia za Bryce hugeuka barafu, na bila vyuma vya kuvalisha viatu hamteremki.

Msikitazame chati ya hali ya hewa ya Las Vegas mkadhani mmemaliza. Las Vegas iko mita 610 juu ya usawa wa bahari, ukingo wa Bryce uko kati ya mita 2,400 na 2,770. Siku ambayo Vegas mnatafuta kivuli, Bryce alfajiri mnatafuta glavu.

Pasi: pigeni hesabu kabla ya kufika getini

Kiingilio cha kawaida ni kwa gari zima, kwa siku saba: Zion, Bryce na Grand Canyon dola 35 kila moja, Arches na Canyonlands dola 30 kila moja, Capitol Reef dola 20. Jumla dola 185. Mkazi wa Marekani ananunua pasi ya mwaka iitwayo America the Beautiful kwa dola 80, na hadithi inaishia hapo, mradi awe na kitambulisho cha serikali ya Marekani chenye picha.

Kwa asiye mkazi mambo yamebadilika tangu tarehe 1 Januari 2026. Pasi yake ya mwaka ni dola 250. Akiikosa, kwenye hifadhi 11 zenye msongamano analipa dola 100 zaidi kwa kila mtu mwenye miaka 16 na kuendelea, juu ya kiingilio cha gari. Tatu kati ya hizo ziko kwenye njia yenu: Zion, Bryce na Grand Canyon. Kwa hiyo wawili waliotoka Nairobi au Muscat bila pasi watalipa dola 600 za ziada na 185 za gari, yaani 785, mahali ambapo 250 zingetosha. Nunueni pasi mtandaoni kupitia Recreation.gov kabla ya safari na muihifadhi ndani ya simu, kwa sababu getini mtandao haushikiki kila mara, na baadhi ya malango hayapokei pesa taslimu.

Monument Valley si hifadhi ya taifa. Ni ardhi ya Wanavajo, pasi hiyo haina kazi pale, na mnalipa kwa kichwa. Pombe imepigwa marufuku kwenye ardhi yao, kwa hiyo msiingie nayo mkitegemea kuifungua chumbani.

Mambo ya kuweka nafasi mapema

Kambi za ndani ya hifadhi ndizo za kwanza kuisha. Watchman ya Zion, Fruita ya Capitol Reef na Mather ya Grand Canyon hufunguliwa miezi sita kabla ya tarehe, kupitia Recreation.gov. Fungueni akaunti mbili, kila mtu kwenye simu yake, mkae tayari dakika chache kabla, na kila mmoja alenge namba tofauti ya kiwanja. Mkikosa, nje ya Moab kuna viwanja vya serikali visivyowekewa nafasi. Fikeni kabla ya saa sita mchana, na msifike Ijumaa.

Kibali cha kupanda Angels Landing, kilele cha mwamba kule Zion, hutolewa kwa bahati nasibu tangu Aprili 2022. Kuna ya msimu, inayofanyika miezi kadhaa kabla, na kuna ya siku moja kabla, ambayo hufungwa saa 9 alasiri na majibu hutoka saa 10. Ombi ni dola 6 na linabeba watu zaidi ya mmoja, kwa hiyo mmoja aombe kwa ajili ya wote wawili. Mkishinda mnalipa dola 3 kila mtu.

Arches imewahi kudai tiketi ya kuingia kwa saa maalumu katika miezi ya msongamano, na utaratibu huo umekuwa ukibadilika mwaka hadi mwaka. Angalieni ukurasa wa hifadhi wiki chache kabla. Na upande wa kaskazini wa Grand Canyon msiuwekee matumaini bila kuuliza: moto wa Julai 2025 uliteketeza loji kuu ya kule.

Gari

Gari dogo la kawaida linatosha, kwa kuwa kila kituo kilichotajwa hapa kina lami hadi mlangoni, isipokuwa mzunguko wa udongo wa kilomita 27 ndani ya Monument Valley. Mikataba mingi ya kukodi inakataza barabara za udongo, na bima haifanyi kazi mkivunja sharti hilo. Pale mwacheni gari na mlipie ziara ya Mnavajo mwenye gari lake. Mtafika sehemu ambazo gari binafsi haliruhusiwi hata kidogo.

Kaunta ya kukodi itataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, na wengi hawapokei kadi ya benki ya kawaida kwa dhamana. Wote wawili mwandikwe kuwa madereva. Kampuni nyingi hazimtozi mwenzi wa ndoa, lakini ulizeni na mlione jina kwenye mkataba. Leseni iliyoandikwa kwa Kiingereza hupokewa. Iliyoandikwa kwa Kifaransa, kama za Kongo au Burundi, iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, na kibali hicho hutolewa nyumbani, hakitolewi ukishafika.

Kwa aliyezoea kuendesha kushoto, hatari haiko kwenye barabara kuu yenye magari, maana pale unawafuata wenzako. Hatari iko unapotoka sheli asubuhi na barabara ni tupu. Hapo mkono unakurudisha kushoto wenyewe. Basi iwe kazi ya abiria kusema "kulia" kwa sauti kila gari linapoingia barabarani, hata siku ya kumi. Siku mbili za mwanzo dereva atawasha waipa kila anapotaka kuonyesha indiketa, nalo ni la kuchekwa tu. Lisilo la kuchekwa ni basi la shule la njano lenye taa nyekundu zinazomwekamweka: simameni, hata likiwa linawajia kutoka mbele kwenye barabara isiyogawanywa. Kwenye njia panda yenye alama ya kusimama pande zote nne, anayefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza.

Mafuta: kanuni ni nusu tangi. Mshale ukifika katikati, sheli inayofuata mnajaza, hata kama bei inauma. Pampu nyingi zinauliza namba ya posta ya Marekani mnapochomeka kadi. Kama kadi ni ya nje, ingieni ndani, mtajie mhudumu namba ya pampu, mlipe kwanza. Utah utakuta petroli ya bei ya chini imeandikwa 85. Magari mengi ya kisasa yanataka 87, na mkataba au kifuniko cha tangi kitakwambia. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko ugomvi wa injini inayogonga kwenye mlima.

Pakueni ramani za majimbo yote matatu ndani ya simu mkiwa Las Vegas, pamoja na programu ya hifadhi za taifa yenye sehemu ya kutumia bila mtandao. Ramani ya simu ikiwapeleka kwenye udongo ili muokoe dakika kumi, ikataeni. Barabara za udongo za kule zikilowa hugeuka kama sabuni, na gari likizama huenda gari jingine lisipite siku nzima.

Chakula na mzigo

Fanyeni manunuzi makubwa Las Vegas au St. George, kabla ya Springdale, mji ulio mlangoni pa Zion, ambako duka ni dogo na bei ni ya watalii. Nunueni deli la barafu, galoni tano au sita za maji (galoni ni karibu lita 3.8), na jiko dogo la gesi, kwa kuwa mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege. Kwa mchana mkiwa njiani, chapati inaushinda mkate mbali sana: haipondeki, haikauki upesi, na ukiikunja na yai au maharage inakaa mkobani hadi saa nane. Tende, korosho na karanga za chumvi ndizo chakula cha kutembea nacho. Chumvi hiyo ina kazi yake, nitaifikia.

Kila mtu abebe mkoba wake wenye maji lita 3 (lita 4 kukiwa na joto), chakula chake, tochi ya kichwani, koti jepesi la mvua, sweta, kofia pana, na filimbi. Msigawane kwa mtindo wa "wewe beba maji, mimi nibebe chakula". Siku mtakayopoteana kwa nusu saa, mmoja atakuwa na kiu na mwingine ana njaa. Vya kushirikiana ni sanduku la huduma ya kwanza, ramani na betri ya kuchajia.

Ufunguo wa gari nao una mambo yake. Kampuni za kukodi hufunga funguo zote mbili kwa waya mmoja, kwa hiyo kiuhalisia mna ufunguo mmoja. Anayetangulia kurudi ndiye anayeubeba. Semeni kwa maneno ni nani kabla ya kufunga mlango.

Viatu viwe vimeshavaliwa nyumbani mwezi mzima, na viwe vikubwa kidogo, maana kwenye mteremko mrefu vidole vinagonga mbele hadi kucha zinageuka nyeusi. Kateni kucha usiku wa kabla. Mkihisi sehemu ya mguu inawaka moto, simameni hapo hapo, msisubiri kituo. Vueni soksi, kausheni ngozi, bandikeni plasta ya kitambaa iliyokatwa kona ziwe duara ili isibanduke, vaeni soksi kavu. Dakika nne. Mkisubiri nusu saa litakuwa lengelenge, na lengelenge la siku ya pili linawala siku nane zilizobaki.

Maji, chumvi na saa ya kugeuka

Mtu wa Mombasa au Dar amezoea jasho la kumwagika. Kwenye hewa kavu ya Utah jasho hukauka kabla hujaliona, shati linabaki kavu, na unadhani hujapoteza kitu. Kunyweni kidogo kidogo kila baada ya dakika kumi na tano au ishirini, jumla nusu lita hadi lita moja kwa saa kutegemea joto na mlima, na kila mnapokunywa mtafune kitu chenye chumvi. Askari wa Grand Canyon huokoa watu wa aina mbili ambao kwa nje wanafanana: aliyeishiwa maji, na aliyekunywa maji mengi mno bila chumvi. Wote wanaumwa kichwa na kichefuchefu. Ulizaneni: umekula nini, umekunywa kiasi gani, umekojoa mara ngapi? Aliyekunywa sana, anakojoa maji meupe kila mara na hajala, asiongezewe maji. Mpeni chumvi na apumzike kivulini. Aliyekauka, mpeni maji na chumvi, mlowesheni shati na kofia, mpepeeni. Na yeyote kati yao akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuyumba, hiyo ni dharura: mpozeni kwa kummwagia maji mengi mwilini na pigeni 911, namba ya dharura ya Marekani. Bima ya safari yenye matibabu ni ya lazima kwa mgeni. Helikopta ya wagonjwa na hospitali huleta bili.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka garini, wekeni saa ya kugeuka. Mkisema saa 4 na nusu, basi saa 4 na nusu mnageuka mlipo, hata kama kilele kinaonekana. Na yeyote kati yenu ana haki ya kusema "tugeuke" bila kutoa sababu. Utaratibu huu unaonekana wa kijeshi hadi siku ule mwendo wa "bado kidogo tu" unapowakuta gizani. Mwendo ni wa anayekwenda taratibu, naye ndiye anatangulia mbele. Mwenye nguvu akitangulia, anamsubiri mwenzake akiwa ameshapumzika, na mwenzake akifika anaondoka, kwa hiyo aliyechoka hapumziki hata mara moja.

Mwisho, mtumieni ndugu au rafiki ujumbe wenye jina la njia, mahali gari lilipo, na saa ambayo msiposikika apige simu hifadhini. Hilo ndilo geti la Kilimanjaro lenu.

Zion: kilomita 260 kutoka Las Vegas

Kwa sehemu kubwa ya mwaka magari binafsi hayaingii ndani ya korongo, mnapanda basi la bure. Maegesho ya kituo cha wageni hujaa mapema asubuhi. Fikeni kabla ya saa 1, au egesheni Springdale mpande basi la mji hadi lango la waenda kwa miguu. Pigeni picha ratiba ya basi la mwisho. Mkilikosa mkiwa mwisho wa korongo, ni zaidi ya kilomita 12 za lami kwa miguu.

Angels Landing ni karibu kilomita 8.7 kwenda na kurudi, kupanda mita 450, kutoka kituo cha The Grotto. Baada ya kona 21 zilizojengwa kwa mawe mnafika Scout Lookout, na hapo ndipo sehemu ya minyororo inapoanza: mgongo mwembamba wa mwamba wenye shimo pande zote mbili. Watu wamekufa hapo. Mmoja wenu akiogopa urefu, asibembelezwe. Abaki Scout Lookout, mwingine aende na arudi ndani ya saa moja na nusu waliyoafikiana. Mwamba ukiwa umelowa, hakuna anayekwenda.

The Narrows ni kutembea ndani ya mto Virgin wenyewe, kati ya kuta zinazopanda mamia ya mita. Shukeni kituo cha mwisho, Temple of Sinawava, tembeeni kilomita 1.6 za njia ya saruji, kisha mnaingia majini. Kutokea chini hadi chemchemi ya Big Spring kibali hakihitajiki. Kodini Springdale viatu vya majini, soksi za mpira na fimbo ya mbao. Sandali hapa ni kuvunja vidole, maana sakafu ni mawe ya duara yenye utelezi. Mnapovuka mkondo, elekeza uso kule mto unakotoka, fimbo mbele yako, sogeza mguu mmoja tu wakati fimbo na mguu mwingine vimekaa imara. Msinywe maji ya mto hata kwa chujio, wala msitie uso, kwani mara kwa mara huwa na vijidudu vyenye sumu ambavyo chujio halivimalizi.

Asubuhi ya siku hiyo someni tangazo la hatari ya mafuriko ya ghafla, lenye ngazi nne. Kwenye ngazi ya kwanza tu, isiyotarajia mafuriko, ndipo mnaingia kwa amani. Tarehe 14 Septemba 2015 watu saba walikufa katika korongo la Keyhole, ndani ya hifadhi hii. Mvua huweza kunyesha kilomita nyingi huko juu mto unakotoka, huku chini jua linawaka. Maji yakianza kuwa na matope, yakileta vijiti na majani, au mkisikia ngurumo isiyokoma, pandeni juu papo hapo. Msikimbilie kutoka, hamtayashinda mbio.

Bryce na barabara namba 12

Kutoka Springdale hadi Bryce ni kilomita 135, saa mbili, mkipita ndani ya handaki la mwaka 1930. Mnara wa mawe mekundu unaouona Bryce umechongwa na maji yanayoingia kwenye nyufa, kuganda usiku, kutanuka, na kupasua mwamba. Njia ya kufanya ni moja: shukeni Queens Garden kutoka Sunrise Point na mpande kwa Navajo Loop hadi Sunset Point, karibu kilomita 4.6. Anzeni kwa mwanga wa kwanza, minara inapowaka kama makaa. Pumzi itakuwa fupi kwa sababu ya mwinuko. Pole pole ya Kilimanjaro inafaa hapa pia.

Kisha Bryce hadi Torrey, mji ulio kando ya Capitol Reef, kilomita 180 kwa barabara namba 12, karibu saa mbili na nusu bila kusimama, nanyi mtasimama. Kati ya Escalante na Boulder barabara inapita juu ya mgongo mwembamba uitwao Hogsback, pande zote mbili korongo, bila kizuizi. Ng'ombe huachwa huru barabarani, na mbele yake, kwenye Boulder Mountain, swala wakubwa huvuka jioni. Mmalize kipande hiki kabla ya magharibi.

Capitol Reef haina makuu: Hickman Bridge, kilomita 2.9, na bustani za matunda za Fruita. Msimu ukifunguliwa, mnakula cheri, pichi au tufaha bure mkiwa ndani ya bustani. Ya kubeba mnapima na kulipa.

Moab

Kilomita 240 kutoka Torrey, mkijaza mafuta Hanksville. Hapa kila hifadhi ipewe wakati wake: Arches alfajiri au jioni, Canyonlands mchana wenye upepo au macheo. Mesa Arch ya Canyonlands ni mwendo wa kilomita moja tu kwenda na kurudi, na watu hujipanga na kamera kabla ya jua.

Delicate Arch ni karibu kilomita 5 kwenda na kurudi, hakuna kivuli hata cha kuficha kuku. Wengi huenda kutazama machweo, nao hawajakosea. Wanakosea kwenye kurudi. Njia ni mwamba mtupu, hauachi alama ya mguu, na unaongozwa na marundo madogo ya mawe. Kwenye giza, rundo linalofuata halionekani. Washeni tochi zote mbili, mmoja asimame kwenye rundo walilofikia, mwingine atafute linalofuata ndani ya mwanga, ndipo wa kwanza aondoke.

Udongo mweusi wenye vinundu mnaouona kando ya njia ni hai. Umeshikwa na viumbe vidogo vinavyozuia mchanga kupeperuka, na hatua moja inaharibu kilichokua kwa miaka mingi. Kanyageni mwamba, mchanga wa korongo, au njia yenyewe.

Grand Canyon

Kutoka Moab hadi Monument Valley ni kilomita 240, na kutoka hapo hadi ukingo wa kusini karibu 290, mkiingilia lango la mashariki la Desert View, kwenye mnara wa mawe uliobuniwa na msanifu majengo Mary Colter na kukamilika mwaka 1932.

Kilimanjaro unapanda ukiwa na nguvu na kushuka ukiwa umechoka. Hapa ni kinyume. Kushuka ni rahisi hadi kunadanganya, na kila mita 300 mnazoshuka joto linaongezeka kama nyuzi 3. Gawanyeni saa zenu kwa tatu: fungu moja la kushuka, mawili ya kupanda. Mkiwa na saa sita, baada ya saa mbili mnageuka. Maji nayo vivyo hivyo, theluthi moja tu iishe kabla ya kugeuka.

Kwa siku ya kwanza, South Kaibab hadi Cedar Ridge, kilomita 4.8 kwenda na kurudi. Panda basi la hifadhi, anzeni alfajiri, na beba maji yote, maana njia hiyo haina bomba hata moja. Siku ya pili Bright Angel hadi kibanda cha maili tatu, karibu kilomita 10, kushuka mita 645. Ina vivuli na mabomba ya msimu, lakini bomba kuu la maji la hifadhi lilijengwa miaka ya 1960 na hupasuka mara kwa mara. Ulizeni kituo cha wageni asubuhi ile ile, na mbebe kana kwamba hakuna. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni wakati wa joto, muwe juu au mmekaa kivulini. Kufika mto Colorado na kurudi kwa siku moja hifadhi yenyewe inawashauri watu wasijaribu.

Nyumbu wakipita, simameni upande wa ukuta, msiwe upande wa shimo, na msubiri hadi wa mwisho aende hatua kadhaa. Kindi wa mwamba atakuja kuomba chakula kwa macho ya yatima. Msimpe, anauma.

Kurudi Las Vegas ni kilomita 450, saa nne na nusu, na saa moja mnaipata au hamuipati kutegemea mwezi. Badilishaneni usukani Kingman, jazeni tangi kabla ya uwanja wa ndege, kung'uteni mchanga mwekundu kwenye mazulia, na mtazame chini ya viti vyote viwili: tochi za kichwani hupenda kubaki hapo.